Daftari la Tusekile

Tukuyu mvua haipigi hodi.
Imeingia tangu alfajiri, imekaa juu ya turubai
kama shemeji asiyejua kuaga.
Vijana wanaisukuma kwa mpini wa jembe
imwagike kwenye migomba, si kwenye wali.

Leo tunamuaga Bupe.
Mama yake yuko chumba cha pili, mlango wazi kiasi cha kiganja:
dada yangu Tusekile, koo limefunga,
chakula hakipiti, maneno yanapita kwa zamu.
Mimi kamati imenipa kazi mbili,
mchuzi wa watu mia mbili
na bomba la sindano lisilo na sindano:
dawa ya maumivu, mililita tano,
saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, saa nne tena.

Tulitaka kuahirisha.
Alikohoa, akatema, akauliza,
"Turubai limelipiwa?"
Limelipiwa.
"Basi karudisheni kwanza hela ya watu,
ndipo mje na habari zenu za kuahirisha."
Miaka kumi na moja mweka hazina wa kikoba cha wachuma chai.
Hata mimi, wa tumbo moja naye,
nilichelewa dakika sita akanilipisha faini.

Wageni huacha miavuli barazani,
na nyuso za sherehe huziacha hapohapo.
Wanaingia kwake na msiba uliowahi gari.
"Poleni na mvua," anawaambia,
na wao, waliokuja kumpa pole, wanapokea.

Uwanjani mshereheshaji anatangaza michango:
"Mzee Mwakalobo, elfu thelathini!"
Vigelegele.
Ndipo ukuta ukagongwa, ngo, ngo, kwa kikombe cha plastiki.
Nikakimbia, mikono ina vitunguu,
nikidhani ndiyo hivyo tena.
Alikuwa ameinua daftari hadi kifuani.
"Hamsini. Aliahidi hamsini.
Sahihi yake ninayo."

Nilicheka nimeshika mlango,
kisha nikaona haya kwa kucheka,
kisha nikaona anangoja nicheke tena.

Jioni wakwe wa Kyela wakateremsha kimpumu,
chungu, maji ya moto, mirija mirefu.
Mzee Gwakisa akauliza, "Na mzaa chema?"
Wanawake tukatazamana.
Miezi mitatu sasa anaishi kwa mrija:
uji, maziwa, uji.
Sauti ikatoka ndani, nyembamba,
"Leteni. Kwenye mrija hapa mimi ndiye fundi."

Wakaingia wazee watatu, wakakaa mkekani,
chungu kimoja, mirija minne,
wake wa plastiki, wa rangi ya waridi.
Akavuta. Sijui kama kilipita.
Akafumba macho muda mrefu kuliko tulivyoweza kuvumilia.
"Kimeiva," akasema.

Bupe alikuja na gauni lake, akapiga magoti.
Mama akalishika pindo, akalikamua
kama anavyokamua nguo ya mtoto.
"Limelowa."
Hawakusema lingine, nami sikuuliza.

Kisha ngoma.
Sitadanganya: mguu ulinichukua.
Nilicheza nikiwa na aproni, nikacheza na matope,
nikacheza na Mwakalobo aliyekwisha kuongeza ishirini,
na kwa muda ule sikuwa na dada mgonjwa,
nilikuwa na dada tu.

Nikakumbuka saa imekwenda.
Nilimkuta ameuma ncha ya kanga.
Nikapima, mkono ukitetemeka, tone likamdondokea kidevuni.
"Nisamehe."
Hakujibu. Aliisubiri dawa ishuke
kama mtu anayesubiri deni aliloapiwa.

Halafu akalisukuma daftari.
"Andika."
Nikaandika: nne na nusu.
Kidole chake kikaenda safu ya mwisho: Sababu.
Nje ngoma ilikuwa bado.
Nikaandika: Ngoma.

Akaichukua kalamu,
na kwa herufi zilizolala kama mahindi baada ya upepo
akaongeza chini yake:
Faini, hakuna.